Kipa wa Akiba Hukomaa Langoni, Si Benchini

Yapo maswali ambayo huulizwa kwa maneno machache lakini hayajibiki kwa pumzi moja. Mojawapo niliulizwa hivi majuzi pembeni mwa uwanja wa shule moja karibu na soko la Nyakoe, katika Kaunti ya Kisii. Mlinda-lango wa kwanza wa shule hiyo alikuwa ameteguka mkono, na mwanafunzi mdogo ambaye tangu muhula uanze kazi yake ilikuwa kubeba mipira na chupa za maji akatiwa langoni. Shule ikashinda kwa mabao mawili kwa nunge. Filimbi ya mwisho ilipolia, mwalimu wa michezo alinijia, akanisalimu kwa heshima, kisha akasema, “Daktari, nishauri. Yule wa kwanza akipona, nimrudishe au nimwache huyu? Yuko tayari?”

Nilimjibu kwamba taaluma yangu ni isimu, si kandanda. Hata hivyo, swali lenyewe lilinifuata hadi nyumbani, maadamu ndilo lililoikabili timu yetu ya taifa mnamo Agosti 2025, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN. Kanuni ya mashindano hayo ni kwamba huchezwa na wanasoka wa ligi za nyumbani pekee. Walinda-lango wetu wanaosakata soka ya kulipwa ng’ambo, kama vile Ian Otieno aliyejijengea jina nchini Zambia, hawakuweza kuitwa. Lango la Harambee Stars likakabidhiwa Byrne Omondi, na wengi wakauliza kama kijana huyo alikuwa tayari.

Jibu la uwanjani tulilishuhudia Kasarani. Kenya iliilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo bao 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, ikaishinda Moroko 1-0 na Zambia 1-0. Bao moja tu lilipenya katika mechi 4 za kundi, ilhali dhidi ya Angola na Moroko vijana wetu walimaliza wakiwa 10 baada ya mwenzao kuonyeshwa kadi nyekundu. Moroko hao hao ndio waliotwaa kombe mwishoni mwa mwezi. Safari yetu ilikomea robo-fainali mbele ya Madagascar, kwa mikwaju ya penalti, baada ya sare ya 1-1.

Je, hayo yanatosha kumtangaza mlinda-lango huyo kuwa nambari moja wa kudumu? Wapo wanaosema ndiyo papo hapo, na wapo wanaosema kwamba mashindano ya wachezaji wa nyumbani si kipimo cha haki. Nathubutu kusema kwamba pande zote mbili zinalitazama swali kutoka upande usiofaa.

Tuanze na hali ya kipa yenyewe. Mshambuliaji wa akiba huingizwa dakika ya 70, akakimbia, akakosa, akapata, na watu wakaona alicho nacho. Mlinda-lango wa akiba hana bahati hiyo. Nafasi ni moja, na mwenye nafasi hatolewi ila ameumia au amefukuzwa uwanjani. Kwa hiyo kipa wa pili aweza kumaliza msimu mzima akifanya mazoezi kila asubuhi bila kudaka mpira mmoja wenye uzito wa matokeo. Mazoezini hakuna umati unaozomea, hakuna mvua ya alasiri ya Kisii inayoufanya mpira uteleze kama kambare, wala hakuna hofu ya kuiangusha timu. Kumwambia mtu wa namna hiyo athibitishe utayari wake kwanza ndipo apewe lango ni sawa na kumtaka mtoto ajue kuogelea kabla ya kuruhusiwa kugusa maji.

Lakini ushindi mmoja nao si ushahidi wa kutosha. Wapenzi wa soka watakumbuka Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil. Katika robo-fainali dhidi ya Costa Rica, mkufunzi wa Uholanzi, Louis van Gaal, alimtoa kipa Jasper Cillessen katika dakika za mwisho kabisa za muda wa ziada, akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul aliokoa mikwaju miwili na Uholanzi ikafuzu. Dunia nzima ikamwimba. Mechi iliyofuata, Cillessen alirejea langoni tangu mwanzo. Van Gaal alielewa kwamba kuifanya kazi moja vyema kwa dakika chache si sawa na kuibeba kazi yote, juma baada ya juma.

Mfano wa pili wanaujua hata mashabiki wa Arsenal wanaojazana katika vibanda vya video mjini Kisii. Emiliano Martínez alijiunga na klabu hiyo mwaka 2010 akiwa kijana, na kwa takriban miaka 10 alikuwa mtu wa kungoja zamu. Bernd Leno alipoumia Juni 2020, Martínez akaingia, akashinda Kombe la FA wiki chache baadaye, akahamia Aston Villa, na mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia na Argentina. Husemwa kwamba aliibuka ghafla. La hasha! Katika miaka hiyo ya kungoja alikopeshwa kwa klabu kadhaa, miongoni mwazo Reading, na huko alicheza mechi za kweli, akafungwa mabao ya kweli. Alipoitwa alikuwa ameshalipa karo.

Hapa nitaomba ruhusa ya kurudi katika taaluma yangu. Mitaani tunasema mchezaji wa namna hii anasugua benchi, kana kwamba kazi yake ni kung’arisha ubao kwa suruali. Lakini Kiswahili kina jina jingine kwake: mchezaji wa akiba. Akiba si makombo. Ni kitu kilichowekwa kwa makusudi kwa ajili ya kesho, na mwenye ghala huikagua, huianika na huilinda dhidi ya wadudu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini nadhani hawakuwa na maana ya akiba iliyosahauliwa. Mahindi yasiyoanikwa huota kuvu.

Lipo jambo la pili ambalo mtu wa lugha hawezi kulikosa. Nusu ya kazi ya mlinda-lango ni kusema. Ndiye pekee anayeuona uwanja wote mbele yake, na kwa hiyo ndiye anayepaswa kuamuru: “Yangu!” “Toka!” “Mkabe!” Pale Nyakoe niliona yule mwanafunzi akidaka vizuri lakini kimya, kwa kuwa mabeki wake walikuwa wakubwa wake shuleni, na mdogo hamkemei mkubwa. Mara mbili mpira ulipita katikati yao kwa sababu hakuna aliyeuitia. Heshima ni johari, lakini ndani ya boksi huzaa mabao. Utayari wa kipa kijana, basi, haumhusu yeye peke yake. Mabeki nao sharti wawe tayari kupokea amri kutoka kwa mdogo wao.

Atatokea msomaji aseme kwamba timu ya taifa si chekechea, na kwamba hatuwezi kuhatarisha bendera ili mtu ajifunze. Hoja hiyo ina uzito, na uzoefu haununuliwi dukani. Lakini Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 tumekabidhiwa sisi na majirani zetu. Tukingoja mpaka kipa wa kwanza aumie ndipo tumkumbuke wa pili, tutakuwa tumechagua kufanya mtihani bila kusoma. Mechi za kirafiki ziwepo, na zigawanywe kwa mpango unaojulikana mapema.

Walimu wenzangu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi walibeba vipindi kamili huku wakiitwa watu wa kujifunza, hadi Mahakama ya Ajira iliposema Aprili 2024 kwamba mpango huo wa kuwatumia walimu waliohitimu ulikuwa kinyume cha sheria. Mapema mwaka 2025 takriban 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Hawakuwa wamebadilika usiku mmoja. Kilichobadilika ni uamuzi wa wenye kuamua.

Basi kwa maoni yangu, kipa wa akiba yuko tayari kuwa wa kwanza siku ambayo mkufunzi wake yuko tayari kumwacha langoni baada ya kosa lake la kwanza. Kabla ya hapo hajapewa kazi, ameazimwa tu. Kwa kipimo hicho, Omondi alikwisha kutimiza sehemu yake Agosti ile. Sehemu iliyobaki ni ya wanaochagua kikosi.

Nilimpelekea mwalimu wa Nyakoe jibu hilo. Jumamosi iliyofuata kijana wake alifungwa bao la kizembe, mpira ukipita chini ya tumbo. Nilimtazama mwalimu. Alisimama, akamwita yule wa kwanza, ambaye mkono wake ulikuwa umepona, akamnong’oneza neno, kisha wakaketi wote wawili. Dakika chache baadaye, kona ilipopigwa, nilisikia sauti nyembamba ikipaa juu ya vichwa vya mabeki warefu: “Yangu!”