Pesa ya Safari Isikae kwa Simu Moja

Desemba ikikaribia, familia nyingi hapa Gatitu huanza kuchanga pesa za safari. Siku hizi wengine hawaishii Mombasa. Wanapanga kuendesha gari lao hadi Kigali, kupitia Nakuru, Malaba na Kampala. Mtu mzima anavuka kwa kitambulisho cha Kenya, na gari linakatiwa bima ya Yellow Card ya COMESA.

Wasiwasi wetu ni pesa. Mchango wote unakaa kwa simu ya baba, na namba ya siri anaijua yeye peke yake. Simu hiyo ikiibwa Kampala usiku, watoto watalala wapi?

Sisi ndio tunauza huduma hii, lakini tunasema wazi: simu moja haitoshi. Ukishavuka Malaba, usitarajie wakala wa ng'ambo akutolee pesa kama yule wa Gatitu. Gawanyeni mchango kwa laini mbili, ya baba na ya mama, kila mmoja na namba yake ya siri. Washeni rominga mkiwa bado Kenya. Toeni keshi ya mafuta na chakula cha siku mbili, mkaibadilishe benki au kwa duka la forex lenye leseni, si kwa kijana wa barabarani.

Mkiingia Rwanda pale Gatuna, mtaanza kuendesha upande wa kulia. Hilo mtalizoea njiani. Pesa ipangeni nyumbani.