Simu Imefupisha Njia, Tusiirefushe Majumbani

Mwezi huu tumeona tuzungumzie jambo linalohusu uhai wa wake zetu na mabinti zetu, nalo ni namna simu ya mkononi ilivyoingia katika kazi ya tiba.

Inapotajwa tekinolojia ya kisasa katika afya, wengi wetu hufikiria mashine kubwa zilizomo katika hospitali za mijini. Lakini kwa mama wa kijijini nchini Tanzania, mabadiliko makubwa yamo katika tarakimu tatu tu: 115. Hiyo ndiyo namba ya mfumo wa m-mama, ambao baada ya kujaribiwa katika Kanda ya Ziwa ulizinduliwa kwa ajili ya nchi nzima na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma, mwezi Aprili 2022.

Utaratibu wake ni huu. Mama mjamzito au aliyejifungua akipatwa na dharura, yeye mwenyewe, jamaa yake au mhudumu wa afya hupiga namba hiyo bila malipo. Mpokeaji simu huuliza maswali kwa kufuata programu ya kompyuta inayomsaidia kupima ukubwa wa hatari. Kisha hutafutwa gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa hapo jirani ambaye amekwisha kuandikishwa. Akimfikisha mgonjwa katika kituo cha afya, dereva hulipwa kwa njia ya simu, na mgonjwa hatoi nauli. Mtoto mchanga aliye hatarini naye huhudumiwa vivyo hivyo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria kuwa wanawake 556 walifariki kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hatusemi kuwa simu pekee ndiyo iliyoleta nafuu hiyo, kwani vituo vingi vya afya vimejengwa na kuwezeshwa kufanya upasuaji. Na hao 104 ni watu, kila mmoja ana jina, na aghalabu ameacha yatima.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walibainisha kuwa kifo cha mzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Simu imeupunguza ule wa pili. Wa tatu unawahusu zaidi wenye mamlaka na watumishi wa afya. Wa kwanza umo majumbani mwetu, na huo hautaondolewa na programu yoyote ya kompyuta.

Ni nani asiyeijua hali hii? Mama anatokwa na damu usiku, naye anaambiwa asubiri mume arudi safari ndipo idhini ipatikane. Wakwe wanasema uzazi wa kwanza huchelewa, avumilie. Simu ipo, lakini imo mfukoni mwa mume. Na damu ikitoka kwa wingi baada ya kujifungua, yaweza kumuua mama katika muda wa saa chache tu.

Wapo wanaouvika uzembe huu vazi la dini. Husema si stara mwanamke kupanda usiku gari la mwanamume asiye maharimu wake, au kuhudumiwa na tabibu wa kiume. Tunasema wazi: kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya Sharia, na wanazuoni wametufundisha kuwa dharura ina hukumu yake. Hofu ya faragha huondolewa kwa jamaa au jirani wa kike kuandamana naye. Haiondolewi kwa kumwacha afe. Wengine hujiliwaza kuwa mwanamke anayefariki kwa uzazi hupata daraja ya shahidi. Naam, hiyo ni bishara na faraja kwa wafiwa, wala si ruhusa kwa wazembe.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za misikiti ziiandike namba 115 katika ubao wa matangazo, na maimamu waitaje mara kwa mara. Waumini wenye magari wakaulize katika kituo cha afya kilicho karibu namna ya kujiandikisha kuwa madereva. Kila mume ambaye mkewe ni mjamzito atamke leo, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kwamba dharura ikitokea asingojewe. Simu ibaki nyumbani, ikiwa na chaji. Na kwa kuwa mtandao haushiki kila mahali, wanakijiji wapatane mapema na mwenye chombo cha usafiri. Vijana nao wachangie damu, kwani mama akifikishwa hospitali mapema akakuta hakuna damu, haraka yote ile itakuwa bure.

Njia ya kwenda hospitali imefupishwa. Itakuwa aibu kwetu mbele ya Mola wetu ikiwa tutairefusha sisi wenyewe, tungali kizingitini mwa nyumba zetu.

Wabillahi Tawfiq.