Bomba la moshi Mji Mkongwe: tundu dogo, shida kubwa

Kewanja, wilayani Tarime, mama lishe akitaka dohani ya jiko lake anaita fundi. Fundi anatoboa bati, anapitisha bomba, anaziba pembeni, kazi imeisha mchana huo huo.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, tundu kama hilo linahitaji kibali. Wenye hoteli wengi huona ni usumbufu tu.

Lakini hoja ya wenye hoteli nayo ina uzito. Nyumba za zamani zimegeuzwa hoteli na migahawa, na mgeni anataka maji ya moto saa yoyote. Boila ya gesi au dizeli lazima itoe moshi nje. Ukikosa njia, kaboni monoksaidi inajaa chumbani, na kwa kuwa haina rangi wala harufu, mtu anaweza kufa usingizini. Kukataza mabomba moja kwa moja ni kuwasukuma watu wayaweke kwa siri.

Shida iko kwenye kuta. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Moshi wa gesi una mvuke, na ukipoa ndani ya bomba unageuka maji yenye asidi kidogo. Asidi inakula chokaa. Bomba la moto likigusana na boriti, linaikausha mwaka hadi mwaka mpaka inakuwa rahisi kushika moto. Halafu anakuja fundi wa haraka na saruji kuziba pengo! Saruji inauzuia ukuta kutoa unyevu, na chokaa ya jirani inaanza kubanduka.

Waliojenga zamani walikuwa na akili na moto. Nyumba za mawe za Lamu ziliweka jiko juu kabisa, moshi unapanda zake bila kupita chumba cha mtu. Hamamu ya Hamamni, iliyojengwa enzi za Sultani Barghash (1870–1888), ilipangwa tangu mwanzo kuchemsha maji. Leo mwenye hoteli anaweka jiko na boila chini, kisha anatafuta njia ya kupitisha moshi ghorofa mbili au tatu za watu wengine.

Mamlaka inayosimamia Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na sheria ya sasa ni ya 2010. Mji wenyewe uliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Orodha hiyo si ya kudumu: Liverpool ya Uingereza iliondolewa 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya. Na majengo yenyewe yamechoka. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Halikuanguka kwa sababu ya dohani, lakini lilionyesha jinsi kuta hizi zisivyo na nguvu za ziada za kuchezea.

Umeme ungemaliza ubishi, maana hita ya umeme haina moshi. Ila Wazanzibari hawajasahau giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika kisiwani Unguja. Mwenye hoteli aliyepitia miezi ile hawezi kulaumiwa akibaki na mtungi wa gesi.

Njia ya kati ipo. Bomba lenye kuta mbili lipandishwe kwenye ua wa ndani hadi juu ya paa, lishikwe kwa vyuma vinavyofungika na kufunguka, mbali na boriti, na popote linapogusa ukuta izibwe kwa chokaa. Siku boila ikitolewa, bomba linatoka na ukuta unabaki vile vile. Ni ghali kuliko kutoboa ukuta wa mbele, na fundi wa chokaa hapatikani kirahisi kama wa saruji. Kwa hiyo kibali kikichukua miezi, mwenye hoteli anajua fundi yupi atakuja usiku.