Podikasti ya Ubunifu na Ada ya Kujibizana: Maoni kutoka Pwani ya Tanga

Katika miaka ya karibuni imekuwa kawaida kwa wanafunzi wetu wa uzamili kuleta mapendekezo ya utafiti ambayo matokeo yake si tasnifu peke yake, bali pia mfululizo wa vipindi vya sauti vya kusikilizwa kwa njia ya intaneti, yaani podikasti. Mada ipendwayo zaidi ni ubunifu: mafundi, watunzi, wavuvi wenye mbinu mpya, vijana wenye karakana zao. Mwandishi wa maoni haya amekwisha kusimamia kazi mbili za namna hiyo, zote mbili kutoka mkoa wa Tanga, na zote mbili zilikoma kabla ya kufikia kipindi cha kumi. Hazikukosa vinasa sauti, wala hazikukosa watu wa kuhojiwa. Kitu zilichokikosa ndicho ninachotaka kukijadili hapa, kwa kuwa naona kinahusu nadharia ya fasihi simulizi kuliko kinavyohusu mitambo.

Nianze na tukio moja. Katika kazi ya pili, mwanafunzi alimhoji fundi wa majahazi wa Pangani. Mazungumzo yalikuwa mazuri kwelikweli. Fundi alieleza jinsi anavyoulaza mkuku, jinsi anavyopandisha mbao kwanza na kuyafuatisha mataruma baadaye, kwa jicho tu, pasipo mchoro wowote. Akataja tezo, keekee, pamba ya kalafati na mafuta ya sifa. Kipindi kilipokwisha kuwekwa mtandaoni, nakala yake ilitembea katika simu za watu mpaka ikafika Moa, kaskazini karibu na mpaka wa Kenya. Huko fundi mwingine aliisikiliza, akatikisa kichwa, akasema: “Hayo ni ya Pangani. Sisi huku tunasimamisha mataruma kwanza, na sababu tunayo.” Habari hii tuliipata kwa bahati miezi kadhaa baadaye, wakati mwanafunzi alikwisha kuhamia kwenye mada ya ufumaji wa mikeka, kisha akaishiwa na mada. Alikuwa ameketi juu ya kisima, akienda mbali kutafuta maji.

Hoja yangu ni kwamba kipindi cha aina hii hakidumu kwa wingi wa mada, wala kwa umahiri wa mtangazaji, bali kwa deni la jibu. Kila toleo halina budi kuacha neno ambalo mtu fulani, mahali fulani, atajiona amewajibika kulijibu. Podikasti nyingi tunazoziiga zimejengwa juu ya mahojiano na shujaa mmoja: anaingia, anasifiwa, anaeleza siri ya mafanikio yake, anatoka. Katika muundo huo hakuna kinachokidai kipindi kinachofuata, ila ratiba ya mtangazaji. Ratiba huchoka.

Jambo hili si geni Tanga. Mnamo miaka ya 1890 wamisionari wa Magila, karibu na Muheza, walikuwa wakichapisha Habari za Mwezi. Kuanzia mwaka 1904 shule ya serikali ya Wadachi mjini Tanga ilitoa gazeti la Kiongozi, lililodumu mpaka mwaka 1916, vita vilipolizima. Sina nia ya kulipamba Kiongozi. Lilikuwa chombo cha utawala wa kikoloni, nalo lilitumika hivyo. Lakini yafaa tujiulize gazeti la shule lilipata wapi maneno ya kujaza kurasa zake kwa takriban miaka kumi na miwili. Sehemu kubwa ya jibu ni barua na mashairi ya wasomaji: walimu na watumishi waliotawanyika katika vituo mbalimbali vya koloni, waliotaka majina yao na habari za miji yao zisomwe na wenzao. Mengi ya mashairi hayo tunayo leo katika mkusanyiko wa Kala Shairi uliotolewa mwaka 2002 na Gudrun Miehe na wenzake. Mhariri wa Kiongozi hakuwa na haja ya kubuni mada za kila mwezi. Kazi yake ilikuwa kupokea, kuchagua na kupanga.

Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 na kudumu kwa takriban miaka arobaini, liliiendeleza ada hiyo, na ukurasa wake wa mashairi ukawa baraza la watunzi, akiwamo Shaaban Robert wa Vibambani, Tanga. Anayeisoma diwani ya Shaaban leo hukutana na mtunzi aliyesimama peke yake. Anayeyasoma magazeti ya wakati ule hukutana na mtu aliyekaa katikati ya wenziwe. Baadaye redio nayo ilifuata njia hiyo katika kipindi cha Malenga Wetu cha Redio Tanzania Dar es Salaam, ambamo shairi lililoghaniwa lilikuwa fumbo kwa malenga mwingine aliyekuwa mamia ya maili mbali. Yeyote aliyelelewa katika nyumba yenye redio moja anakumbuka jinsi wazee walivyongoja, si kumsikia mtangazaji, bali kumsikia fulani atamjibu vipi fulani.

Katika taarabu jambo hili lina sura ya wazi zaidi. Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club, vikundi vya Tanga, viliibadili taarabu kwa kupunguza ukubwa wa okestra, kuingiza magita na kuukaribisha mdundo wa dansi, na nyimbo zao zikavuma mpaka Mombasa na, mwaka 1989, zikatolewa London katika sahani ya Nyota. Huo ni ubunifu kwa maana yoyote tutakayoitumia. Lakini haukuzaliwa katika chumba cha mtu mmoja mwenye kipaji. Ulichochewa na ushindani wa klabu na klabu, kila moja ikiisikiliza nyingine kwa makini ya adui. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kilichotokana na utafiti alioufanya Tanga, ameonyesha kwamba hata kutunza, yaani kule mwanamke kuinuka na noti mkononi katika ubeti maalumu na kumpelekea mwimbaji, ni usemi. Anayetunza anajibu, na mwenye kulengwa naye anajua kwamba ameambiwa. Hadhira ya Tanga haijawahi kukaa kimya. Kwa nini basi tunaiundia chombo kinachoichukulia kuwa ni masikio tu?

M. M. Mulokozi alipoandika juu ya tanzu za fasihi simulizi katika Mulika ya mwaka 1989, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na muktadha wake wa kijamii, ambamo fanani, hadhira, mahali na wakati hukutana. Wenzetu wengine wamedai kwamba podikasti haiwezi kuwa tukio la namna hiyo, kwa kuwa msikilizaji yuko peke yake na wakati wake si wakati wa fanani. Nakubali kuwa mkutano wa ana kwa ana haupo. Ila nasema kwamba Kiongozi na Malenga Wetu navyo havikuwa na ana kwa ana. Vilikuwa na zamu. Zamu hutengeneza wakati wa pamoja hata pale ambapo mahali pa pamoja hapapo. Jibu laweza kuchukua wiki mbili, laweza kuja kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp wenye kelele za jogoo na pikipiki nyuma yake, na bado likawa jibu.

Hapa inafaa nigusie neno lenyewe, ubunifu, kwa kuwa matumizi yake ya sasa yanaipunguza mada. Tangu Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu yalipoanzishwa mwaka 2019, neno hili limezoeleka katika lugha ya serikali likiandamana na mashine na programu za kompyuta, na kijana akiambiwa “mbunifu” hudhaniwa kuwa ana kifaa mkononi. Kamusi zetu ni karimu zaidi: kubuni ni kutunga na kuunda kwa fikra, liwe shairi au mtego wa samaki; kuvumbua ni kukigundua kilichokuwapo bila kujulikana. Tofauti hiyo ina faida kubwa, na Tanga inao mfano wake bora.

Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi walimdhania ametoweka tangu zama za mbali mno, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka michache baada ya mwaka 2000 wavuvi wa pwani ya Tanga, wakiwamo wa Kigombe, walianza kumnasa mara kwa mara, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Habari hii husimuliwa kama uvumbuzi, na mwenye uvumbuzi huwa ni mtaalamu aliyemtambua samaki. Nadra kuulizwa silikanti alinaswa na nini. Alinaswa na jarife, wavu wa matundu makubwa wa kuvulia papa, uliotegwa kwenye kina kirefu. Nani aliamua kulitega jarife huko chini, kwa sababu gani, kwa hesabu ipi ya mikondo na bamvua? Uamuzi huo ndio ubunifu, nao ndio uliouzaa uvumbuzi. Tena si habari ya kushangilia tu. Jarife lilelile lililomleta silikanti kwenye meza ya mtaalamu ndilo lililomuua, na hifadhi iliyoanzishwa kumlinda ilimwekea mvuvi mipaka. Mvuvi ana la kumwambia mtaalamu wa bahari, na mtaalamu ana la kumjibu. Mchuuzi wa samaki wa Kigombe ana lake kwa wote wawili. Mtangazaji aliyezoea mashujaa atamhoji mtaalamu, atashangaa samaki wa ajabu, atafunga. Mwenye kufuata ada ya kujibizana atapata vipindi vinne au vitano, na huenda akawa wa kwanza kuwakutanisha watu ambao vikao rasmi havijawapa nafasi ya kusikilizana.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba majibizano yetu yamechafuka mara nyingi, na kwamba mipasho ya taarabu imevunja nyumba za watu. Ni kweli. Ndiyo maana mashairi ya magazetini yalikuwa na mhariri, na ndiyo maana mtayarishaji wa podikasti hana budi kuwa mhariri kabla ya kuwa mtangazaji: akatae tusi, lakini asilikatae kosoa. Wanafunzi wetu hufanya kinyume. Wanaogopa kosoa hata wakalifuta katika mahojiano, kisha wanashangaa kwa nini kipindi hakina chumvi.

Pingamizi ya pili ni ya lugha. Yupo mwenzangu aliyeshauri kwamba wahojiwa wote wasahihishwe kwa Kiswahili sanifu, kwa kuwa vipindi vitatumika kufundishia. Sikubaliani naye hata kidogo. Usanifishaji ulioendeshwa na Kamati ya Lugha kuanzia mwaka 1930 ulichukua Kiunguja kuwa msingi, na umetufaa; lakini fundi wa Tongoni akieleza kazi yake kwa Kimtang'ata anatumia msamiati ambao Kiswahili sanifu bado hakijauchukua, na sisi tunaolalamika katika makongamano kwamba hatuna istilahi za ufundi tungekuwa watu wa mwisho kumnyamazisha. Mtangazaji na aseme sanifu akipenda. Mjibuji aseme kwake.

Limebaki suala la hifadhi, nalo ndilo linaloniumiza. Mambo Leo yapo maktabani. Mwanafunzi anaweza kuyafungua na kulifuatilia shairi na jibu lake mwezi baada ya mwezi. Mashairi ya redioni yanayosomeka leo kwa urahisi ni yale ambayo watunzi wenyewe waliyaweka katika diwani, na diwani kwa kawaida humleta mtunzi mmoja na kuwaacha waliomjibu nje ya mlango. Podikasti inaelekea kuwa na hatima mbaya zaidi, kwa kuwa sauti hukaa katika ghala la kampuni ya ng'ambo, na ada isipolipwa au akaunti ikifungwa inapotea. Gharama nayo si ndogo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na zikarekebishwa mwaka 2022, lakini woga ulioingia kwa vijana wasio na mtaji haukubadilishwa kwa tangazo la serikali. Maoni yangu ni kwamba idara kama yetu ndiyo inayostahili kuwa mmiliki wa vipindi hivi: iombe yenyewe kibali pale sheria inapokidai, itunze nakala na maandishi ya kila toleo maktabani, ilipe nauli ya kwenda Moa. Msimamizi wa tasnifu abadilike kila miaka mitatu, kipindi kibaki. Mwanafunzi mpya akirithi majibu ambayo hayajajibiwa, hataanza na ukurasa mtupu.

Mwanafunzi wa kazi ya pili amerudi kwenye mada yake. Safari hii hakwenda na maswali. Alikwenda Moa na sauti ya fundi wa Pangani katika simu, akamsikilizisha fundi wa huko mbele ya chombo kilichokuwa kimesimamishwa mataruma matupu, akanasa yaliyofuata. Ni dakika arobaini na moja, na mwishoni fundi wa Moa anauliza swali kuhusu mbao za ubavuni ambalo mimi sikulielewa. Fundi wa Pangani amekwisha kupelekewa.