Pumzi Kabla ya Sentensi
Wanaodhani mwandishi lazima ateseke ndipo aandike vizuri wamtazame Haruki Murakami wa Japani. Akiwa na riwaya mkononi huamka saa kumi alfajiri, huandika kwa saa tano au sita, mchana hukimbia kilomita 10 au kuogelea mita 1,500, na saa tatu usiku yuko kitandani. Sisi wa magazetini, mhariri akipiga simu kila nusu saa, anasa hiyo hatuna. Pumzi tunayo: ukiitoa polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo hupungua kasi. Kahawa ya nne haifanyi hivyo. Ndugu mwandishi, kesho weka simu chumba kingine, keti dakika tano uisikilize pumzi yako, kisha andika.