Uhalisi Hausimamishi Gari

Kuna watu wanaowapenda magari ya zamani kuliko watu wanaovuka barabara. Nawajua, nakunywa nao chai gereji. Waambie umefunga breki za diski kwenye Volkswagen Beetle ya 1966, watakutazama kana kwamba umepaka rangi ya plastiki mlango wa nakshi wa Zanzibar.

"Umeharibu uhalisi," watasema.

Uhalisi upi? Beetle za mwanzo zilikuwa na breki za waya, na toleo la bei nafuu liliendelea nazo hadi 1962. Mwaka 1966 kiwanda chenyewe kiliipa Beetle 1500 diski za mbele. Magari ya Marekani ya toleo la 1967 yakapewa masta silinda yenye njia mbili za mafuta. Waliolitengeneza gari hili hawakuwahi kudhani breki zake zimekamilika. Imani hiyo ni yetu sisi tuliokuja baadaye na vitambaa vya kung'arishia.

Gari langu lilitoka kiwandani na njia moja tu. Mpira mmoja ukipasuka, pedali inazama hadi chini, magurudumu yote manne hayana breki, na unabaki na breki ya mkono na dua. Kwenye njia mbili, moja ikivuja nyingine bado inakushikia gari.

Sasa teremka Kitonga. Dramu ikipata moto hutanuka na kuzikimbia breki shuu, hivyo mguu unakwenda chini zaidi huku gari likisimama kidogo zaidi. Mafuta ya breki yaliyonyonya unyevu kwa miaka nayo huchemka mapema. Diski iko wazi, upepo unaipooza.

Sisemi diski ni muujiza. Kwa kusimama mara moja mjini, dramu iliyorekebishwa vizuri inaweza kufunga gurudumu, na kuanzia hapo kazi ni ya tairi. Anayefunga diski bila masta silinda inayolingana nazo amenunua urembo. Ndiyo maana kwangu njia mbili zilitangulia, zikafuata mipira na mafuta mapya, kisha diski za mbele. Nyuma dramu zimebaki, kwani ndizo zinazobeba breki ya mkono.

Na historia? Imo kwenye boksi, stoo. Hakuna nilichokata wala kuchomelea. Vyote ni vya kufungua kwa spana. Atakayetaka kulirudisha gari lilivyokuwa atalirudisha kwa siku chache.

Gari la makumbusho libaki lilivyo, maana halimkimbilii mtu. Lakini ukiingia Barabara ya Morogoro, daladala iliyo mbele yako inasimama ghafla, na mtoto wa shule anavuka akiamini utasimama. Huyo hajawahi kuulizwa kama yuko tayari kulipia uhalisi wa gari lako.