SARAFU ZA KALE ZA DHAHABU: JE, ZINA ZAKA?



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu, kuna swali linanijia kwa sura mbili. Ndugu mmoja aliyeko Muscat anakusanya sarafu za dhahabu za Kimarekani, na anauliza kama zinaingia kwenye zaka wakati yeye hazitumii kama pesa, anazitunza tu kwa kuwa ni adimu. Mwingine yuko huku kwetu, upande wa Singida. Ana sarafu ya Mjerumani aliyoachiwa na babu yake, na kuna dalali anamzungusha mwezi wa tatu sasa. Nawajibu pamoja, kwa sababu wote wawili wanadhani kuwa sarafu ikishakuwa ya kale inatoka kwenye hukumu za dhahabu na kuwa kitu kingine. Mimi nasema haitoki. Mtanivumilia, maelezo ni marefu kidogo.

Naanza na ya huku kwetu, maana vijana wengi hawajui kwamba sarafu moja ya dhahabu inayotafutwa sana duniani ilitengenezwa katika nyanda hizi hizi za kati. Sisi watu wa Ugogo sarafu tumeijua kwa kuchelewa. Misafara ya karne ya 19 iliyopita hapa kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watemi wa Kigogo, na hongo ile ilikuwa nguo, shanga na nyaya. (Leo neno hilo hilo ndilo tunaloliita rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia.) Na nguo yenyewe iliyopendwa zaidi iliitwa merikani, jina linakwambia ilikotoka. Basi kitambaa ndicho kilichokuwa pesa ya Marekani kwa babu zetu.

Kisha akaja Mjerumani na rupia yake na heller zake. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Waingereza waliziba njia ya bahari, na pesa za kutoka Ujerumani zikakatika. Serikali ikachapisha noti za haraka haraka humu humu nchini, karatasi duni. Halafu mwaka 1916 wakafungua kazi ya kupiga sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli, na dhahabu wakaitoa mgodi wa Sekenke, huko Iramba. Wakapiga sarafu ya rupia 15. Upande mmoja kuna tembo ameinua mkonga na mlima nyuma yake, mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Upande wa pili kuna tai wa Kijerumani. Zilipigwa 16,198 tu. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Tabora ikachukuliwa na jeshi la Wabelgiji, na kazi ikaishia hapo.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Rupia 15 zilihesabiwa kuwa sawa na mark 20 za Ujerumani. Sarafu ya mark 20 ilikuwa na dhahabu safi ya gramu 7.17 hivi. Hii ya Tabora ina uzito huo huo wa gramu 7.17, lakini ni dhahabu ya karati 18, kwa hiyo dhahabu safi iliyomo ni gramu 5.38 hivi. Robo nzima imepungua, na jina la thamani limebaki lile lile. Sisi tunaosoma Suratul Mutaffifin tunajua jina la kazi hiyo. Na zile noti za karatasi, serikali iliyozitoa ilipoondoka, aliyekuwa nazo alibaki na karatasi. Mwenye tembo wa dhahabu, hata akiwa amepunjwa robo, alibaki na gramu zake tano na ushee mkononi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Singida, kabla ya dalali, nenda kwa sonara mwenye mizani ya uhakika. Sarafu za Tabora za mwaka huo hazikuwa za dhahabu peke yake. Ile ya heller 20 ilipigwa kwa shaba nyeupe na shaba nyekundu, na shaba nyeupe ukiisugua ni ya njano, inang'aa. Watu wengi wanaozificha ndani ya vitambaa wana heller, hawana dhahabu. Soma maandishi: kama imeandikwa 20 HELLER na haina tembo, hiyo siyo. Kama ina tembo, bado ipime, maana za bandia zipo nyingi. Ya kweli huuzwa kwa maelfu ya dola. Ni pesa nzuri kwa mkulima wa alizeti, alhamdulillah, lakini haifiki hayo mabilioni unayoahidiwa. Na anayekwambia rupia ina madini ya siri ndani yake, na kwamba itahitajika kafara na mganga ili "mnunuzi mzungu" aje, huyo anakuvua mambo mawili kwa mpigo: pesa yako na tauhidi yako.

Tuje kwa ndugu wa Muscat.

Wamarekani walianza kupiga sarafu kubwa ya dhahabu ya dola 20 mwaka 1850, baada ya dhahabu kuvumbuliwa California. Uzito wake ni gramu 33.4, na dhahabu safi iliyomo ni gramu 30 na kidogo. Hiyo ilikuwa pesa ya kununulia ng'ombe na ardhi, hakuna aliyeiita mkusanyo. Mpaka Aprili 1933, uchumi umeanguka, Rais Franklin Roosevelt akatoa amri raia wapeleke dhahabu yao benki walipwe karatasi, kwa bei ya dola 20.67 kwa aunsi. Januari iliyofuata bei ikapandishwa kuwa dola 35. Ukipiga hesabu utaona nani alifaidika. Sarafu kwa mamilioni zikayeyushwa kuwa vipande vya dhahabu.

Lakini amri ile ilikuwa na mlango mdogo: sarafu adimu zenye thamani maalumu kwa wakusanyaji hazikuguswa. Hapo ndipo lilipopata nguvu wazo la kwamba dhahabu ikiitwa mkusanyo, sheria inaipita pembeni. Mwenye elfu moja za kawaida alizipeleka, mwenye chache adimu akabaki nazo kabatini. Wamarekani wa kawaida hawakuruhusiwa tena kumiliki dhahabu kwa uhuru mpaka siku ya mwisho ya mwaka 1974.

Naomba uangalie hapa, kwa sababu ndipo jibu lako lilipo. Mlango huo ni wa Roosevelt. Katika sheria yetu haupo. Allah katika Suratut Tawba, aya ya 34 na 35, amewatahadharisha wanaorundika dhahabu na fedha bila kuzitoa katika njia Yake, na hakubagua iliyopigwa jana na iliyopigwa zamani, wala ya matumizi na ya maonyesho. Na Ibn Umar, Allah amuwie radhi, alifafanua kuwa mali iliyotolewa zaka haihesabiki kuwa ni rundo lile lililokemewa, hata ikiwa imezikwa ardhini. Kwa hiyo kukusanya hakujaharamishwa, unaweza kuwa na kabati zima. Kinachoangaliwa ni haki ya maskini iliyomo humo.

Hesabu ni nyepesi. Nisabu ya dhahabu ni dinari 20, na wanachuoni wengi wa leo wanaikadiria gramu 85 za dhahabu safi. Sarafu tatu za dola 20 zina gramu 90 na kidogo, tayari umevuka. Za tembo wa Tabora utahitaji 16 ndipo ufike. Hata sarafu yetu ya shilingi 1,500 ya mwaka 1974, yenye picha ya duma, iliyotolewa kwa ajili ya hifadhi ya wanyama, uzito wake na usafi wake ni kama ile ya dola 20 ya Marekani. Wapo Watanzania wanazo ndani na hawajawahi kuzihesabu. Na ukiwa na sarafu mbili tu pamoja na vipande vingine vya dhahabu, jumlisha vyote. Ikipita hauli, mwaka mzima wa Kiislamu, unatoa asilimia mbili na nusu.

Utoe kwa bei ya dhahabu au kwa bei ya mnada? Hapa ndipo pagumu. Ninavyoona mimi, kama unazitunza tu, angalia dhahabu safi iliyomo. Lakini kama umezinunua kwa nia ya kuziuza zikipanda, hizo ni bidhaa za biashara, na bidhaa hukadiriwa kwa bei ya soko siku ya kutoa zaka. Nia yako unaijua wewe na Mola wako. Ninachokiona kwa wengi ni kwamba wakiongea na mnunuzi wanasema hii ni biashara, wakiongea na sheikh wanasema hii ni kumbukumbu.

Tofauti ya bei hizo mbili inaweza kuwa kubwa mno. Ipo sarafu ya dola 20 ya mwaka 1933, ile iliyopigwa kisha karibu zote zikayeyushwa kabla hazijatoka. Moja iliponyoka, na mwaka 1944 ikaingia kwenye mkusanyo wa Mfalme Farouk wa Misri. Mwislamu mwenzetu, na mkusanyaji wa kila kitu. Mwaka 1952 akapinduliwa, akaondoka na meli yake, na mwaka 1954 vitu vyake vikapigwa mnada Cairo. Sarafu ile ya 1933 ilitolewa kwenye mnada huo, ikapotea machoni kwa miaka mingi. Sarafu inayoaminika kuwa ndiyo hiyo iliuzwa mwaka 2002 kwa dola milioni 7.59, na mwaka 2021 sarafu hiyo hiyo ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 18. Dhahabu iliyomo siku ile ilikuwa haifiki dola 2,000. Zilizobaki zote watu wamelipia hadithi yake. Kulipia hadithi siyo haramu kwa asili yake, lakini mtu ajue anachonunua.

Na hapo linakuja suala la kuuza, ambalo watu hawaniulizi na ndilo la hatari zaidi. Dhahabu kwa dhahabu ni lazima iwe uzito kwa uzito, na mkono kwa mkono. Ubora, ukale, picha nzuri, havihesabiki. Fadhala bin Ubayd alinunua kwenye vita vya Khaybar kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipozitenganisha akakuta dhahabu peke yake inazidi dinari 12, na Mtume, rehema na amani zimfikie, akafundisha kwamba kitu kama hicho kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Basi ukimpa sonara sarafu yako adimu ya gramu saba akakupa mkufu wa gramu kumi na tano kwa sababu sarafu yako ni ya kale, hiyo ni riba, ndugu yangu, hata kama wote wawili mmeridhika. Wapo wanachuoni walioruhusu ziada kwa ajili ya ufundi, lakini walikuwa wanazungumzia mapambo. Sarafu hawakuitia humo. Njia ya halali ni ile aliyoelekezwa swahaba wa tende za Khaybar: uza ulichonacho kwa pesa, kisha kwa pesa hiyo nunua unachotaka. Uza sarafu kwa shilingi, kwa bei yoyote mliyokubaliana, kisha nunua mkufu.

Na hata kwa shilingi, iwe papo kwa papo. Huu mtindo wa "nitumie nusu kwa simu leo, sarafu naipandisha basi la kesho, nusu nyingine mwisho wa mwezi" haufai katika dhahabu. Kutaneni. Pima, lipa, pokea, achaneni. Ukifuata sharti hili utashangaa, wale madalali wa kukuzungusha miezi mitatu wote watapotea wenyewe.

La mwisho ni kwa wale wanaochimba usiku kutafuta mali za Mjerumani. Mnakumbuka vijana wa pangoni katika Suratul Kahf, walivyomtuma mwenzao mjini na sarafu yao ya fedha kununua chakula? Wafasiri wanasimulia kwamba wenye maduka waliiona ni ya mfalme wa zamani, wakamshuku kuwa ameokota hazina. Mtu mwenye sarafu ya kale huulizwa ameitoa wapi, na nawe utaulizwa. Wengine mnaikimbilia hadithi ya rikazi, kwamba unatoa khumsi, moja ya tano, na zinazobaki ni zako. Rikazi katika madhehebu yetu ya Shafi ni hazina iliyozikwa zama za ujahilia. Sarafu ya mwaka 1916 ilizikwa na mtu ambaye wajukuu zake huenda bado wako kijiji kile kile. Shamba lina mwenyewe, ukichimba bila idhini yake umeingia kwenye haki ya mtu. Na ukiikuta njiani au mahali pasipo na mwenyewe, hiyo ni lukta, unaitangaza mwaka mzima, msikitini nje ya mlango, sokoni, kwa mtendaji wa kijiji, bila kutaja alama zake zote ili mwenyewe azitaje. Akitokea akazieleza sawasawa, mpe.

Wallaahu aalam.